Mnunuzi Aliyekubali Kila Bei

Gulele, Addis Ababa
Mwezi wa Yekatit

Kwako Kaka Demissew,

Salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, umeshakunywa kahawa ya kwanza na hujaanza kugombana na mtu. Wifi Tsige hajambo? Watoto je, yule wa mwisho ameacha kula udongo? Na yule ng'ombe niliyemwacha akikohoa, amepona, au mmemuuza kwa mtu asiyejua? Mimi sijambo. Kifua kilichokuwa kimenibana kimelegea, na kazi ya kuchoma mikate ya injera inaendelea, ingawa umeme una tabia ya kukatika mara tu nikishamimina unga kwenye sinia. Wateja wangu wananung'unika, mimi nanung'unika zaidi yao, na siku inapita.

Utashangaa kupokea barua ya mkono zama hizi. Nimempa dereva wa basi la Dessie, yule mwenye mwanya, na nimeipaka gundi pande zote kwa sababu simwamini. Simu sina, kama unavyojua wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini hata ningekuwa nayo nisingekupigia. Yapo mambo ambayo nikianza kuyasema kwa mdomo, wewe huanza kukohoa na kuniuliza bei ya nafaka ya teff.

Nataka nikusimulie habari za simu yangu ilivyouzwa. Najua umeshazisikia, lakini umezisikia kwa Mzee Fikremariam, na yeye ana kawaida ya kujiweka katikati ya kila habari. Nitazisimulia kama zilivyonijia mimi siku ile, hatua kwa hatua, si kama ulivyozijua wewe. Kwa hiyo nakuomba usinikatize, usirukie mwisho, na usikasirike kabla hujafika huko.

Unakumbuka kwa nini nilitaka kuiuza. Nilipokuja kwenu baada ya sikukuu ya Msalaba, nilitundika koti langu kwenye msumari wa mlangoni, nikaenda uani kunawa. Niliporudi nilimkuta mama amesimama mbele ya koti lile, analisalimia, analiuliza habari za safari na kama basi lilijaa. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunga macho yote mawili. Wewe ulicheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya zizi nikalia mpaka nikaishiwa. Usiku ule tulikubaliana aletwe huku Addis afanyiwe upasuaji. Wewe ukasema tusubiri mavuno. Mimi nikasema nauza simu, maana ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho mtu mwingine anaweza kukitamani.

Ilikuwa simu nzuri, usiidharau. Hirut, binti wa shangazi, aliniletea kutoka Jeddah ikiwa ndani ya boksi lake, na chaja yake, na hedifoni zake, na kava la bluu lenye maua. Kweli kona moja ilikuwa na ufa, na hedifoni ilikuwa inasikika upande mmoja, lakini kioo kilikuwa safi na picha ilipiga vizuri. Nilimpa Sisay kazi ya kuitafutia mteja. Sisay ni dalali wa mtaa wetu, kijana anayeuza vyumba, mbuzi, magodoro na wachumba, vyote kwa mdomo mmoja. Aliigeuza simu yangu huku na huku kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza, akaniambia, dada Aregash, hii ungeipeleka makumbusho, wale wanalipa vizuri vitu vya kale.

Wiki zikapita. Aliniletea mwanafunzi aliyetaka kulipa kidogo kidogo mpaka amalize chuo. Akaniletea mama mmoja aliyeinusa, ndiyo, aliinusa, akasema inanuka moshi wa jikoni, akashusha bei nusu nzima. Akaniletea kijana aliyetaka kuitoa nje aitazame juani, nikamwambia jua linaingia hata dirishani. Wote niliwafukuza. Nilikuwa na bei yangu kichwani, bei ile niliyoambiwa na hospitali, na chini ya hapo sikushuka hata senti moja. Kila mtu aliyejaribu kunipunja nilimwona kama anatia kidole kwenye jicho la mama.

Sasa nije kwenye ile Jumanne.

Asubuhi ulinipigia wewe. Nilishtuka kuona jina lako, maana wewe hupigi, wewe hubipu ili nikupigie mimi. Uliniuliza kama nimekula. Kaka, tangu nizaliwe hujawahi kuniuliza kama nimekula, hata mwaka ule nilipougua matumbo. Halafu ukaniuliza niko na nani nyumbani, na kama Wubit yupo. Nikakuomba unipe mama nimsalimie. Ukasema mtandao ni mbovu, hunisikii. Mimi nilikuwa nakusikia vizuri kabisa, nilimsikia hata jogoo wako akiwika. Ukakata. Machale yakanicheza pale pale. Nikajiambia, huyu ameuza shamba la baba, na anatafuta namna ya kuniambia.

Sikukaa hata kidogo na wazo hilo, Wubit akaingia. Wubit, yule jirani ninayeshiriki naye ukuta mmoja, unamjua kwa ubahili wa siagi, anayeichota kwa ncha ya kisu na kuirudisha nusu. Siku ile alikuja na sahani ya vipande vya injera vilivyokaangwa na mayai, siagi inaelea. Akakaa mbele yangu kunitazama nikila, na kila nilipoacha alinisukumia sahani. Nilimuuliza ana mgeni gani. Akasema hana mgeni. Nilimuuliza kama amegombana na mumewe. Akasema hapana, akaanza kuchoma kahawa kwangu, kwa mkaa wake, bila kuombwa. Hapo nikaacha kutafuna. Mtu bahili akikulisha siagi siku ya kawaida, lazima ujiulize anataka kuchukua nini.

Haikuchukua muda nikapata jibu. Aliniomba simu, eti yake imeisha salio, akatoka nayo nje. Nikasubiri. Nilipoona harudi nikamfuata, nikamkuta chumbani kwake mikono mitupu, anafunga gunia la unga wa teff. Nikalifungua gunia lile mbele yake, nikaingiza mkono, nikaitoa simu yangu ikiwa nyeupe kama mtu aliyepakwa majivu. Nilimuuliza hii ni nini. Akanijibu aliiweka huko isiingie vumbi. Ndani ya gunia la unga! Nilimwangalia usoni naye akaangalia chini. Nikamwambia mwaka huu nimeona mengi, lakini jirani wa kunipiga changa la macho mchana kweupe sikumtarajia. Nikaondoka na simu yangu nikiipuliza. Akili yangu ilikuwa imeshapanga kila kitu. Wubit na Sisay wameungana, wanataka simu iharibike kidogo ili bei ishuke, wainunue wao.

Na kweli, jua lilipofika utosini Sisay mwenyewe akaja mbio, amekosa pumzi. Akaniambia mteja amepatikana. Nikamuuliza mteja wa nini. Akasema wa simu, dada yangu, simu yako nzuri ile. Simu yangu nzuri! Nikamkumbusha habari za makumbusho, akasema alikuwa anatania. Akasema mteja anataka kila kitu, simu, chaja, hedifoni, kava, hata boksi tupu, na anataka leo, sasa hivi, na haoni haja ya kuikagua. Nikamuuliza asilimia yake ni ngapi safari hii. Akajikuna shingo, akasema safari hii hatachukua kitu.

Kaka, dalali anayekataa ushuru wake! Nilimfungia mlango usoni. Mtaa wetu umejaa habari za watu wanaouziwa simu za wizi, na muuzaji anayetajwa kwa polisi ni mnyonge mmoja aliyepokea hela bila kuuliza. Nikafikiri wanataka jina langu. Nikafikiri wana simu nyingine ya wizi, wanataka kuipitisha na boksi langu. Nilifikiri mengi, na kila nililofikiri lilikuwa baya, na nilijiona mjanja kwa kulifikiri. Nikampigia kelele kupitia mlangoni kwamba mnunuzi aje mwenyewe kwa miguu yake, nimwone uso, au aende zake.

Mnunuzi akaja. Alikuwa Mzee Fikremariam.

Nilitaka kucheka. Huyu ni mwenyekiti wetu wa chama cha kuzikana, mtu mwenye kitochi chake cha vitufe kilichofungwa kwa mpira, anayesema hadharani kwamba simu za kupangusa zimewaharibu wake za watu. Ni mkono wa birika kweli kweli. Sokoni wauza nyanya wakimwona wanafunika bidhaa, maana atabishana juu ya nyanya moja mpaka iive mikononi mwake. Akaingia, akavua kofia, akaketi kwenye kigoda changu kwa adabu kama aliyekuja kuposa. Nikamuuliza simu anaitakia nini. Akasema anataka kusomea Zaburi. Zaburi anazijua zote kwa moyo, na mtaa mzima unamjua kwa hilo, maana huzikariri kwa sauti kila alfajiri tukitaka kulala.

Nikaamua kumpima. Nikataja bei, si ile ya hospitali, bali bei ya simu mpya dukani. Akasema sawa. Nikasema hiyo ni simu peke yake, chaja ni mbali. Akasema sawa. Nikasema na hedifoni ni mbali, na zinasikika upande mmoja. Akasema, mwanangu, na mimi sikio moja ndilo linalosikia. Nikamwambia kava lina maua ya kike. Akasema maua ni maua. Wubit alikuwa amerudi, amekaa kwenye jiko la kahawa amenipa mgongo, na Sisay amesimama mlangoni anaangalia viatu vyake. Hakuna aliyecheka.

Kisha mzee akaomba na laini. Hapo nikasimama. Nikamwambia sasa nimewaelewa. Laini ile ndiyo yenye hela zangu, ndiyo yenye jina langu, na mtu anayenunua simu ya kusomea Zaburi hahitaji laini ya mtu. Akasema hataki kuitumia, anataka tu kunitunzia, mpaka kesho. Nikamuuliza, tangu lini chama cha kuzikana kinatunza laini za watu walio hai? Nilimwona jasho linamtoka kwenye paji la uso, na nikafurahi, kaka, nisikufiche, nikafurahi kwamba nimemkamata.

Nikamwambia maneno haya kwa sauti, wasikie wote watatu.

"Mzee, hii unayoiona si simu. Haya ni macho ya mama yangu. Ukinipunja mimi, umempunja yeye. Kwa hiyo kama kuna mchezo, uniambie sasa hivi."

Alivuta shuka lake akajifuta uso. Akasema jua ni kali. Tulikuwa ndani, na dirisha langu linaangalia ukuta.

"Hakuna mchezo, mwanangu," akaniambia. "Taja unachotaka. Ukitaka kuongeza, ongeza."

Na simu ikaita. Ilikuwa mkeka­ni kati yetu, uso juu. Mzee akaitupia kiganja chake chote, kama mtu anayemfunika panzi, akasema simu iliyokwisha kuuzwa haipokelewi na muuzaji. Ikaita chini ya mkono wake, ikaita, kisha ikanyamaza, ikazimika. Nami nikaketi tena nikaendelea na biashara. Nilipandisha bei ya chaja. Nikaidai bei ya boksi tupu. Nikakumbuka kile kisindano cha kutolea laini, nikakitafuta chini ya kitanda, nikakitajia bei nacho. Alilipa vyote. Nikatoa laini kwa mkono wangu nikampa, nikamwambia akiipoteza nitamshtaki mbele ya kanisa. Akaviweka vitu vile ndani ya kofia yake kimoja kimoja, akatoka kinyumenyume. Wubit akalala kwangu usiku ule, eti mumewe anakoroma.

Yaliyofuata unayajua. Alfajiri mlango ulipogongwa nilikuwa nimeshavaa. Walijaa uani, wazee mbele, wanawake nyuma, mashuka yamegeuzwa kama ya msibani, hakuna anayesalimia. Mzee Fikremariam akasema lile alilotakiwa kusema, kwamba mama yetu alilala Jumatatu usiku na hakuamka. Nikapiga yowe, nikaanguka, wakanishika. Gari la chama lilikuwa limeshawashwa barabarani. Alasiri tulikuwa kwenu, tukamzika.

Huo ndio upande unaoujua. Ulinishika mkono makaburini ukaniambia unisamehe kwa kunificha, kwamba hukutaka niambiwe na simu, nikiwa peke yangu, na tumbo tupu. Uliniambia uliwapigia watu wa chama kabla hujanipigia mimi, ukawasihi nile, nilale, na wanitenge na simu ile kwa namna yoyote, kwa sababu binamu zetu wa Uarabuni walikuwa wameshaanza kuweka picha ya mama na mishumaa mitandaoni. Ulisema Mzee Fikremariam alikusimulia jinsi alivyowahi kuizima simu Hirut alipopiga. Mbele ya kaburi sikukujibu. Nakujibu sasa.

Kaka, nilijua.

Mwaka jana, kaka yake Wubit alipofariki kule Jimma, ni mimi niliyepewa kazi ya kukaa naye mpaka alfajiri. Nilimpikia mayai na injera kwa siagi, nikamsukumia sahani kila alipoacha. Nilimwomba simu nikasema yangu imeisha salio. Na niliificha ndani ya gunia la teff. Mbinu ile ni yangu, mimi ndiye niliyemfundisha. Kwa hiyo siku ile nilipoingiza mkono kwenye gunia lake, nikagusa simu chini ya unga, mkono wangu ulijua kabla yangu. Lakini nilikataa. Nilimwita Wubit mwizi. Nilimwita Sisay tapeli. Wewe nilikuuzisha shamba la baba kichwani mwangu, bila kosa. Nilitaka wawe wezi, kaka. Nilitafuta wizi kila mahali asubuhi ile, kwa bidii, kwa sababu kama wote walikuwa wezi, basi mama alikuwa mzima.

Nilipotaja macho ya mama na yule mzee akajifuta uso, nikaishiwa na wezi. Ndipo simu ikaita. Nimekuandikia kwamba ilizimika, na Mzee Fikremariam amekuambia kwamba aliizima yeye. Hakuizima. Yule ni mzee, vidole vyake havina nguvu, na hajui hata kitufe kiko upande gani. Nilivitoa vidole vyake juu ya simu kimoja kimoja naye akaniachia, amefumba macho. Nikaona jina la Hirut, Hirut ambaye hupiga Krismasi na Pasaka tu. Ningeweza kupokea. Kidole changu kilikuwa kwenye kioo. Nikabonyeza kitufe cha pembeni mpaka ikafa, nikamrudishia mkononi, nikamwambia, haya, sasa tuzungumzie chaja.

Wubit alijua kwamba nimejua, na mzee alijua, na Sisay alitoka nje. Lakini walinikubalia. Kadiri nilivyokuwa napandisha bei, mama alikuwa bado yuko kwenu Dessie, kipofu, anangojea nimlete hospitali. Nilibishania boksi tupu kwa sababu hiyo. Nilitafuta kisindano chini ya kitanda kwa sababu hiyo. Na yule bahili, ambaye hajawahi kulipa nyanya bila ugomvi, alikaa kwenye kigoda changu akanilipa kila dakika niliyoiomba. Usimwambie kwamba nimekuambia. Mwache na ushujaa wake wa kuwahi simu.

Nilipokujia juu siku ya pili ya matanga, nikakutukana kwa sababu ya kunidanganya, ulidhani nimekuchukia. Sikukuchukia. Nilikuwa na hasira na mtu aliyejua na akafanya biashara, na mtu huyo ni mimi.

Niliporudi huku, Mzee Fikremariam aliniletea simu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, na chaja, na hedifoni, na boksi, akasema chama kimeamua nirudishiwe, na hela nikae nazo. Laini nimechukua. Simu nimeikataa. Nimemwambia biashara iliisha, na mimi sirudishi hela. Amenibembeleza mpaka amechoka, kwa sababu kengele niliyoiweka mimi ya kuamkia kuchoma injera bado inamwamsha yeye kila alfajiri, na hajui kuinyamazisha. Sasa anakariri Zaburi mapema zaidi, na mtaa mzima unanilaumu mimi. Labda mwezi ujao nitamfundisha.

Hela sijazigusa. Ziko kwenye mkebe wa kahawa, na najua hasa ni za nini, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo wa barua.

Siku ya tatu ya matanga watu walikuwa wameanza kupungua. Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ule ule wa mlangoni. Ulitoka na kibuyu cha maji, ukasimama mbele yake, ukasema, "Aregash, ingia ndani, kuna baridi." Mimi nilikuwa nyuma yako, kaka. Nilikuwa nyuma yako, na nikanyamaza mpaka ukapita.

Kwa hiyo usiniambie ni vumbi, wala ni moshi, wala ni kulia sana. Na usiniambie tusubiri mavuno. Nimeshauliza hospitali, wanapokea kila Jumatatu, na bei ni ile ile. Usinitumie mtu, usimpigie Mzee Fikremariam, usiniwekee dalali katikati. Njoo mwenyewe.

Wifi Tsige, najua ni wewe unayemsomea barua hii, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuisoma tena, na najua mmenificha. Usiruke mstari huu hata akikukonyeza. Mpakie kwenye basi la yule mwenye mwanya, umkalishe upande wa dirisha, umfungie chakula, na umwambie dereva nitamsubiri kituoni Jumapili jioni. Sitatundika koti mlangoni. Nitalivaa, nitasimama nalo, na nitamwita jina lake mpaka anione.

Wasalimie watoto wote, mwambie wa mwisho kwamba shangazi anamletea kitu kitamu kuliko udongo. Msalimie shangazi, msalimie kasisi, na mpeni pole yule ng'ombe. Mimi ni mzima na ninawangoja.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Aregash